Ua la Kumi

Mliponiaga kwa keki na soda nje ya chumba cha baridi, mmoja wenu alisema niandike mambo ya zamani kabla sijayasahau. Sijui alikuwa ananisifu au ananizeesha. Hata hivyo nimekaa barazani kwangu hapa Makongeni, chai iko mezani, magoti yananiuma vilevile yalivyoniuma kazini, nami naandika. Anayetaka kujua nani alipandishwa cheo na nani aliachwa aulize ofisini. Mimi nitasema habari za maua, na za Mama Ciku aliyenifundisha kazi, ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwona.

Mjue kwanza kwamba mimi bado naota. Mwili umestaafu, mikono haijapata habari. Nikijilaza kidogo baada ya chakula cha mchana, waridi zinaanza kupita mbele yangu, nyekundu, za manjano, na zile za rangi ya krimu ambazo hatukuzipenda kwa sababu zinaonyesha kila doa, na vidole vyangu vinafunga na kufungua juu ya blanketi. Binti yangu hunicheka. Mimi huamka nimepumzika kuliko mtu aliyelala kweli.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa ya ukungu. Mnaujua ule ukungu wa Ruiru unaolalia mashamba ya kahawa na kukataa kuondoka hata jua likitoka. Shamba letu, pale kati ya Ruiru na Juja, lilikuwa la kahawa kabla ya kuwa la waridi. Mibuni iling'olewa, nyumba za plastiki zikasimamishwa, na mimi nikiwa barabarani asubuhi ile nilidhani naona bwawa. Nikajiambia, kumbe nimeajiriwa kuvua samaki. Nilipoingia banda la kufungia maua nilikuta wanawake wamesimama kwenye meza ndefu, makoti ya buluu, kofia, mvuke ukiwatoka vinywani, hakuna anayeongea, mikono tu ndiyo inakwenda. Niliona kama nimeingia kanisani na mhubiri amechelewa.

Mama Ciku ndiye aliyekuwa supavaiza wa meza yangu. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, sauti ya sokoni; alikuwa ameuza sukumawiki Thika kwa miaka mingi kabla hajajua kwamba kuna watu wanaonunua majani wasiyoyala.

"Unatoka wapi?" akaniuliza.

"Makongeni."

"Umewahi shika waridi?"

"Ya plastiki. Kwa church."

"Haya. Hii inadunga."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu ya kuingia kazini. Akanipa makasi, glovu moja ya mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia unatakiwa uhisi, na ubao wa kupimia wenye mistari ya urefu. Kisha akachukua ua moja akalishika chini ya kichwa, mahali ambapo sisi huita shingo. "Kila mtu anaangalia uso wa maua," akasema. "Wewe angalia shingo. Uso unaweza kudanganya. Shingo ikiwa laini, hii itainama kabla ifike." Nimewafundisha nyinyi maneno yale yale, mkadhani ni yangu. Sasa mnamjua mwenyewe.

Katika kazi ile kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekuwa amenieleza, nacho ni majina. Kila sanduku lilikuwa na karatasi yenye jina la mji. Wakati wa chai Mama Ciku alikuwa na mchezo wake. Alikuwa akienda kwenye masanduku yaliyopangwa, anagusa moja, ananiita nimsomee mji, halafu anafumba macho. "Hii," anasema, "inaenda kwa msichana wamekosana na chali yake. Chali ndiye mwenye makosa. Msichana ataziweka kwa maji lakini hatamsamehe mpaka Jumapili." Anagusa jingine. "Hii ni ya mama mgonjwa. Atashinda akiziangalia dirishani." Tulikuwa tukisimama pale na vikombe vyetu, na ule ubaridi ukitoka mlango wa chumba cha baridi kama moshi, na mimi nilikuwa ninauona mji wenyewe, mitaa yake, ngazi zake, mlango mmoja ukifunguliwa. Sijawahi kupanda ndege. Lakini niulizeni juu ya miji ile, nitawaambia mlango gani una rangi gani.

Ndiyo maana nacheka nikisikia vijana waliosoma biashara pale Juja wakisema habari za soko la kimataifa. Wana michoro mizuri yenye mishale: teknolojia hapa, sheria pale, siasa, utamaduni. Sikatai michoro. Ila sisi ile mishale ilitufikia mwilini. Kuna wakati mlima wa nchi ya mbali ulitapika majivu, anga lote la Ulaya likafungwa, na maua yetu yakakosa ndege. Tuliyatupa kwenye shimo la mboji, toroli baada ya toroli, na kwa siku kadhaa eneo lote lile lilinukia harusi. Mama Ciku alikuwa akipita pale shimoni anageuza uso. Wakati mwingine ilikuja sheria ya nondo, wale vipepeo wa usiku: kiwavi mmoja akionekana uwanja wa ndege kule, mzigo wote unakataliwa. Basi tukawa tunafungua petali moja moja kwa kijiti tukimtafuta mtoto wa nondo. Sheria inaandikwa na mtu ambaye hajawahi kuiona Ruiru, lakini inafika Ruiru kabla ya mvua.

Halafu mkaletewa ile mashine, nyinyi mlioipenda. Ilikuja na kamera yake, inaliona ua, inalipima, inahesabu na kufunga. Siku ilipowashwa Mama Ciku aliikaribia akaipigapiga ubavuni alivyokuwa akiwapigapiga wafanyakazi wapya. "Sasa wewe," akaiambia, "chai utakunywa wapi?" Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa na woga ndani yake, maana meza zilikuwa zimepunguzwa. Meneja wetu, Bwana Muriithi, kijana nadhifu sana asiyependa kelele, alikuwa akisimama mbele ya mashine ile hata wakati wa chakula. Ilihesabu tisa ikawa tisa. Haikuchoka, haikuenda mazishi, haikumwonea mtu huruma.

Kabla ya Siku ya Wanawake tulipata agizo kubwa kutoka nchi moja ya baridi mashariki ya Ulaya. Soko lile sasa halipo. Vita vilipozuka benki zikagoma kupokea pesa, na ndege zikaacha kwenda. Lakini wakati ule lilikuwa ndilo tumaini letu. Kule, siku hiyo, kila mwanamke hupewa maua, kuanzia bosi hadi anayefagia ngazi. Aliyekuwa akinunua kwetu ni mwanamke aitwaye Bi Irina. Alitaka mashada yaliyofungwa tayari, maua tisa kila shada, yakifika yawekwe dukani moja kwa moja. Kwa nini tisa hakuna aliyeuliza. Mteja akisema tisa ni tisa.

Mimi wakati huo nilikuwa nimehamishiwa chumba cha baridi, kazi yangu ni kupokea masanduku yakishafungwa. Meza ya Mama Ciku ilikuwa baada ya mashine: wanapokea shada, wanalivika karatasi, wanabandika jina la duka. Kando yao kulikuwa na ndoo za waridi zilizokataliwa na kamera kwa sababu ya ufupi mdogo tu, ufupi wa ukucha. Maua mazima, shingo ngumu, yanangoja shimo la mboji. Mama Ciku akayaangalia ndoo baada ya ndoo. Kisha akawaambia wenzake, kama nilivyohadithiwa baadaye: "Hawa ni akina mama kama sisi. Siku ni yao. Mtu atapewaje kitu bila nyongeza?"

Wakaweka moja moja. Kila shada lililopita mikononi mwao lilipata ua la kumi, katikati, likiwa limesimama vizuri. Hakuna aliyeona kosa. Nani kati yetu amewahi kununua nyanya sokoni akaondoka bila ya kuongezewa? Wakafanya kazi ile wakiimba, wamefurahi, na masanduku yakaja kwangu yamefungwa, nami nikayapanga kwenye baridi nikisoma majina ya miji.

Malalamiko yalifika sikukuu ilipokwisha, na nyuma yake akafika Bi Irina mwenyewe. Kule kwao, tukaja kuambiwa, idadi ya maua inayogawanyika kwa mbili ni ya maiti. Mbili, nne, kumi, hizo hupelekwa kaburini. Aliye hai hupewa moja, tatu, tano, tisa. Sisi tulikuwa tumeipelekea nchi nzima maua ya msiba siku ya furaha. Maduka mengine yaliwahi kugundua yakatoa ua moja moja. Mengine hayakuwahi.

Bwana Muriithi hakuchelewa kujua ni meza ya nani, maana Mama Ciku alimwambia mwenyewe. Barua ya kumfukuza ikaandikwa. Mnielewe hapo: Mama Ciku alikuwa akiishi katika nyumba za kampuni, zile za nyuma ya tangi la maji, na wajukuu watatu, watoto wa marehemu binti yake, wote wakisoma shule iliyo getini. Kazi ikienda, nyumba inakwenda nayo, na shule pia. Lakini sheria yetu ya kazi inasema mtu hafukuzwi kabla hajasikilizwa, na akisikilizwa awe na mwenzake amchaguaye. Akanichagua mimi. Nililia chooni kwanza, ndipo nikaenda.

Tulikaa wanne katika chumba cha mikutano: Bwana Muriithi na barua yake mbele yake, Bi Irina, Mama Ciku, na mimi. Bi Irina alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, macho mekundu ya safari. Aliomba awepo. Aliongea Kiingereza cha polepole, nami nikawa natafsiri kwenda na kurudi.

"Mama Ciku," akaanza Bwana Muriithi, "order ilikuwa inasema ngapi?"

"Tisa."

"Na wewe ukaweka?"

"Nikaweka nyongeza."

"Nani alikuambia uweke?"

"Hakuna. Nyongeza huambiwi."

Bwana Muriithi akaandika. Bi Irina akaniuliza neno lile ni nini, nyongeza. Nikajaribu Kiingereza changu chote, halikuingia. Mama Ciku akaona ninavyohangaika akaingilia. "Mwambie hivi, Wambui. Mtu akikuja kwangu sokoni kununua sukuma, nikimpa tu ile amelipia, ni kama nimemwambia asirudi. Hiyo moja naweka juu, hiyo ndiyo inamwambia nimemwona."

Nikatafsiri. Bi Irina aliangalia dirishani, kule nyumba za plastiki zilikokuwa zimejaa mwanga wa mchana, na mimi nikaona kwamba hasira aliyokuja nayo haikuwa ya biashara.

Akasema kwamba shada moja alilichukua yeye mwenyewe, kutoka katika mzigo wake, akampelekea mama yake. Hakuhesabu, kwa nini ahesabu, yeye ndiye aliyeagiza tisa. Mama yake ni mzee, anaishi peke yake. Aliyapokea, akayahesabu kwa kidole, akayaweka mbele ya picha ya marehemu mumewe. Halafu akamuuliza binti yake kama amechoka naye.

Sikutaka kutafsiri maneno hayo. Niliyatafsiri nikiangalia meza.

"Woi, Ngai!" Mama Ciku akajishika mdomo kwa mikono yote miwili. Nimemfahamu mwanamke yule akiwa na njaa, akiwa na msiba, sijawahi kumwona vile. Aliinuka akazunguka meza, Bwana Muriithi akidhani anatoka nje, kumbe alienda kusimama mbele ya Bi Irina. "Mwambie sikujua," akaniambia huku machozi yanatiririka. "Mwambie huyo mama asiogope. Mwambie hiyo maua ilitumwa na mtu anamtakia miaka. Hata kama mnanifuta mnifute, lakini huyo mama aambiwe leo. Ako na simu?"

"Mama Ciku, kaa chini," akasema Bwana Muriithi, si kwa ukali.

"Nitakaa. Aambiwe kwanza."

Na Bi Irina akatoa simu akampigia mama yake. Sikuelewa hata neno moja la lugha ile, ilikuwa laini na ndefu, ikipanda na kushuka, na katikati yake nikasikia mara mbili, tatu, neno letu likipita kwa shida: nyongeza. Nilifumba macho. Nikauona ule mji, ngazi zake, mlango wa kijani, na mwanamke mzee akisikiliza kwa sikio moja. Ni ajabu mambo mtu anayoweza kuyaona akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki Ruiru. Kisha kutoka kwenye simu kikatoka kicheko, kidogo, cha kukwaruza, cha mtu ambaye hajacheka karibuni.

Bi Irina alipokata simu alifuta macho. Akasema mama yake amemkumbusha jambo: bibi yao alikuwa akiuza viazi kijijini, na akishapima alikuwa akitupia kimoja juu ya mzani. Kwa hiyo wanaijua nyongeza. Viazi ni sawa, akasema. Maua ndiyo hapana.

Mama Ciku akarudi kitini. Nikamwona anafikiri, alikuwa na namna yake ya kufikiri, anasugua kidole gumba kama anahisi shingo ya ua.

"Kwani shida ni hiyo kumi?"

"Ndiyo," nikatafsiri jibu.

"Na kumi na moja?"

Bi Irina akasema kumi na moja ni ya walio hai.

"Si basi tungeongeza mbili!"

Niliposema hayo kwa Kiingereza Bi Irina aliangua kicheko hadi akaegemea meza. Mimi pia nikacheka, kwa sababu ya woga zaidi kuliko furaha, maana barua bado ilikuwa pale. Bwana Muriithi peke yake hakucheka. Alisafisha koo akasema, kwa ile sauti yake ya kupanga mambo, kwamba kama mteja ameridhika, basi agizo la mwaka unaofuata lingeweza kubadilishwa rasmi liwe la maua kumi na moja. Akafungua kalamu.

"Hapana," akasema Mama Ciku.

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akausogeza mguu wake.

"Mkiandika kumi na moja, atakuja kuidai kumi na moja. Nyongeza haidaiwi, Bwana Muriithi. Andika tisa. Hizo mbili ni zangu."

"Mama Ciku, hata hatujaamua kama utakuwa hapa."

Hilo nililitafsiri polepole, neno kwa neno, kwa sababu nilitaka Bi Irina alisikie sawasawa. Akalisikia. Alimtazama Mama Ciku kwa muda, kisha akaitazama ile barua, kisha akamtazama mwenye kalamu, na kumngoja.

Kule bandani mashine ilisikika, ikihesabu. Bwana Muriithi akapitisha kiganja juu ya barua kama anayeifuta vumbi. Akaigeuza, na kwenye mgongo wake mweupe akaandika: tisa.